Mbigili za Harrowgill

Kiti kilikuwa na joto.

Noreen Garth aligundua hilo asubuhi, akifuta vumbi katika chumba cha kulia cha Jumba la Harrowgill, kabla mlango mkubwa haujafunguliwa kwa wageni. Alipitisha kitambaa kwenye mgongo wa kiti, akashuka kwenye mikono, kisha akagusa kikalio kuokota uzi ulionasa kwenye ngozi. Akaurudisha mkono haraka. Akagusa tena. Joto lilikuwa lile la mahali alipoinuka mtu sasa hivi.

Chumba hakikuwa na moto. Ilikuwa Oktoba, na ukungu wa kaskazini ulikuwa umeziba madirisha. Akagusa kiti cha jirani: baridi. Akagusa cha upande wa pili: baridi.

Chini ya harufu ya nta ya nyuki aliyozoea kulikuwa na harufu nyingine, ya mbao mbichi iliyopasuliwa leo. Viti vile vilichongwa London zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, kwa mahogani iliyokatwa Jamaika na watumwa. Hapakuwa na mbao mbichi ndani ya jumba lile.

"Nani amekaa hapa?" aliuliza, kwa sauti ya kugombeza watoto.

"Nani wa kukaa, na wewe ndiye mwenye funguo?" Hilda Bragg alijibu kutoka ukumbini. Hilda alikuwa mkubwa wa wale wanaojitolea kulinda vyumba siku za wageni, mama wa miaka sabini, mwenye sauti ya kuuzia samaki. "Na hizo kadi zako hazitamzuia mtu, nakwambia. Wageni wetu hawasomi hata mlango wa choo."

Noreen aliendelea kufuta vumbi. Neno la kadi lilikuwa la zamani kati yao.

Katika majumba kama Harrowgill, mgeni amelipa kiingilio, amepanda ngazi na kushuka, na akiona kiti anakaa. Basi juu ya kila kikalio huwekwa ua kavu la mbigili. Mgeni huona miiba, hucheka, na hupita. Harrowgill walikuwa wameweka mbigili tangu zamani. Hilda alidai tangu kabla wageni hawajaanza kuja. Lakini mwanzoni mwa mwaka Noreen, ambaye ndiye msimamizi wa nyumba na vitu vyake, alikuta wadudu wanaokula mbao wamejificha ndani ya mbigili zile. Akazikusanya zote, akazichoma uani. Mahali pake akaweka kadi nyeupe zilizoandikwa kwa upole: Tafadhali usikae. Wakubwa wake walimsifu. Mtu yeyote wa kazi ile angefanya vilevile.

Siku ya mwisho ya msimu, kabla jumba halijafungwa kwa majira ya baridi, zamu ya chumba cha kulia ilikuwa ya Desmond Oxley. Desmond alikuwa dereva wa treni mstaafu mwenye magoti mabovu. Walinzi hupewa kigoda cha kukunja, lakini mchana ule alimpa kigoda chake mama mmoja mjamzito aliyekuwa akihema, na mama yule akaondoka nacho hadi kwenye chumba cha chai. Desmond alisimama kadiri alivyoweza. Noreen na Hilda walipokuja kufunga madirisha, nje giza likianza kuingia, walimkuta amekaa kwenye kiti chenye mikono, kile kile alichokuta na joto, mikono yake juu ya mikono ya kiti.

"Mzee Desmond!" Noreen alinong'ona. "Hata wewe?"

"Najua, mama. Nigombeze baadaye. Niinueni kwanza."

"Inuka mwenyewe."

"Siwezi. Nimempakata mtu."

Hilda aliangua kicheko. "Kwa umri wako, Desmond, umempata wapi wa kumpakata?"

Kisha akanyamaza, kwa sababu aliona kile ambacho Noreen alikuwa amekwisha kukiona. Kitambaa cha suruali ya Desmond kilikuwa kimebonyea juu ya mapaja yote mawili, kimelazwa bapa, na mikunjo yake imekimbilia pembeni.

"Ni mzito," Desmond alisema polepole. "Na wa baridi. Tafadhalini."

Walimvuta wawili, mmoja kila mkono. Alitoka ghafla, kama mtu anayetoka matopeni, akaanguka zuliani huku magoti yakiwa yamekunjwa. Hayakukunjuka tena. Alifariki kabla wiki haijaisha. Kwenye mazishi mkewe alimvuta Noreen kando ya ukuta wa kanisa akamwambia kwamba hawakuweza kumnyoosha. Iliwabidi watengeneze jeneza lenye kina.

"Mimi sirudi hapa hadi majira ya kuchipua," Hilda alisema walipokuwa wakirudi kwenye magari. "Na hapo pia nitafikiria."

Kwa hiyo kazi ya kuilaza nyumba ilibaki kwa Noreen. Ndivyo wenyewe wanavyosema huko, kuilaza: mapazia hushushwa, saa husimamishwa, na kila kiti, meza na taa hufunikwa shuka jeupe mpaka wageni warudi. Alikuwa peke yake, isipokuwa saa ya chai, baba yake alipovuka ua na chupa ya chai ya moto kwapani.

Wilf Garth alikuwa seremala wa Harrowgill maisha yake yote ya kazi. Sasa alikuwa na miaka themanini na kitu, mjane, akiishi na binti yake kwenye vyumba vya juu ya zizi la zamani la farasi. Noreen hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mzee huyu, utani wake, na kikohozi chake alichokisikiliza kupitia ukutani.

"Umewavisha sanda mapema," mzee alisema akiangalia mashuka. "Hawajafa bado hawa." Akaenda moja kwa moja kwenye kiti chenye mikono, ambacho kilikuwa hakijafunikwa, akakipiga piga kama anayempongeza punda. "Huyu namjua. Nilimkarabati kabla hujazaliwa."

"Baba, usikiguse."

"Mbona? Kinauma?"

"Njoo unywe chai yako huku."

Alikuja, lakini Noreen alikuwa ameona jambo jingine. Viti vya chumba kile hupangwa mgongo ukutani, kila kimoja mahali pake, ndivyo wenye nyumba wa kale walivyotaka. Kiti chenye mikono kilikuwa kimetoka ukutani. Aliyekitoa alikuwa amekigeuza pia, kikatazama dirisha.

Alikirudisha. Kesho yake alikikuta kimetoka tena, kimegeukia kule kule. Safari hii alipiga magoti nyuma yake, macho yakiwa sawa na juu ya mgongo wa kiti, atazame kile ambacho kiti kilikuwa kikitazama. Aliona ua. Aliona zizi. Juu ya zizi aliona dirisha la jiko lao lenye taa, na kichwa cha baba yake kikipita nyuma ya kioo.

Harufu ya mbao mbichi ilimjaa puani mpaka akahisi ladha yake.

Mchana ule aliamua kukifunika na kumaliza. Lilikuwa shuka la mwisho. Nje kulikuwa kunaingia giza lile la Novemba ambalo huko kaskazini halimsubiri mtu amalize chai. Alishika pembe mbili za shuka, akalirusha juu kama anayetandika kitanda, likapaa, likajaa hewa, likashuka juu ya mgongo wa kiti, likashuka juu ya mikono, na pale ambapo lilipaswa kuzama mpaka kwenye kikalio halikuzama, bali lilisimama hewani likiwa limetandazwa juu ya kitu kipana na bapa, kisha likakunjika mbele, mara mbili, sambamba, likaning'inia kutoka kwenye pembe mbili za duara ambazo Noreen, aliyekuwa bado ameshika upindo wa shuka, alizitazama kwa muda mrefu akijaribu kuziita jina jingine lolote kabla hajakubali kwamba ni magoti.

Shuka lilipanda kidogo. Likashuka. Likapanda.

Hakukimbia, alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, kwa sababu hakuweza kuligeuzia shuka mgongo, na aliufunga mlango kwa mikono miwili.

"Baba, nisikilize." Alikuwa amepanda ngazi za nyumbani bila kuvua koti. "Usikanyage tena kule. Chai nitakunywa hapa. Usitoke kabisa."

Wilf alikuwa kando ya jiko la kuni, kwenye kiti chake, kile alichojiundia kwa vipande vya kazini na ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukikalia. Mkono mmoja wa kiti hicho ulikuwa mweusi-mwekundu na laini, mwingine wa mbao ya kawaida. Mzee alipokuwa akifikiri alikuwa na tabia ya kuusugua ule mweusi kwa kidole gumba. Aliusugua sasa.

"Umeona nini?"

Akamweleza. Alitegemea utani, hakuupata.

"Nilipoanza kazi pale nikiwa kijana," Wilf alisema, "kulikuwa na mama mtunza nyumba, mkali. Kila kiti mbigili. Lakini kile chenye mikono alikiwekea tawi la holi, ule mti wa miiba wa mapambo ya Krismasi, hata Krismasi ikiwa imeshapita. Siku moja nililiondoa nifanye kazi, akanizaba kofi. Nikadhani anaogopa suruali yangu itachafua ngozi."

Noreen aliketi kwenye kiti chake mezani. Alifikiria majani ya holi, yanayong'aa, yenye miiba pembeni. Alifikiria moto wa mbigili aliouwasha mwenyewe uani.

"Miiba haikuwa ya wageni," alisema.

"Haikuwa ya wageni," mzee alikubali.

"Ilikuwa ya kumzuia *yeye* asikae."

Wilf alitazama dirishani, kuelekea jumba. "Basi maskini amesimama muda mrefu."

"Usimwonee huruma! Amemuua Desmond. Na sasa anakutazama wewe, Baba, kila siku, amekigeuza kiti akutazame wewe."

"Nina nini cha kutazamwa? Mifupa?"

"Baba."

"Haya, mama. Haya. Siendi popote."

"Kesho namleta mchungaji. Wewe kaa hapa hapa. Kaa kwenye kiti chako, usiinuke mpaka nirudi. Niahidi."

"Hilo la kukaa nalijua vizuri," Wilf alisema. "Nakuahidi."

Mchungaji Philippa wa parokia alikuja mchana uliofuata na viatu vya mpira, chupa ya maji na mafuta kidogo kwenye kopo. Alikuwa mwanamke mfupi aliyezoea kuzika watu na kufungua maonyesho ya maua. Alimsikiliza Noreen mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nikuambie ukweli," alisema. "Kazi hii nimeifanya mara moja tu, na ile mara ilikuwa popo kwenye dari."

"Huyu si popo."

"Ningependa sana awe popo."

Noreen alikuwa amekata mzigo wa holi kutoka kwenye ua wa makaburi, akaubeba kwenye kikapu. Waliingia pamoja. Shuka lilikuwa pale pale, magoti pale pale. Kiti kilikuwa kimetoka ukutani zaidi ya jana, kiasi kwamba miguu yake ya mbele ilikuwa imeliacha zulia, ikiwa juu ya mbao tupu karibu na dirisha.

Mchungaji alisimama. Rangi ilimtoka usoni, lakini hakurudi nyuma. Alisali kwa sauti ya chini, ile ya kawaida ya kanisani, akarusha maji. Shuka lilipumua. Akarusha tena. Kutoka ndani ya mbao za kiti, au ndani ya kuta, walisikia mlio ambao Noreen alikuwa akiusikia utotoni kwenye karakana ya baba yake, msumeno ukienda na kurudi, polepole, na nyuma ya msumeno kulikuwa na kitu kama mtu anayevuta pumzi kwa meno yaliyoumana, na harufu ya utomvu ikapanda mpaka macho yao yakatoka machozi, na Noreen alimsikia mchungaji akiinua sauti kwa mara ya kwanza, sauti ya mwanamke anayemfukuza ng'ombe kwenye bustani:

"Hapa si kwako! Sikuzuii wala sikufungi. Nakufungulia mlango, kwa jina la Yesu. Toka katika nyumba hii, uende palipo pako, kwenye kilicho chako, upumzike huko!"

Shuka lilianguka. Lilizama mpaka kwenye kikalio, jepesi, tupu. Mlango wa chumba ulifunguka wenyewe, kisha wa ukumbi, kisha walisikia mlango mkubwa ukigonga ukuta, na baridi ikapita katikati yao ikielekea nje. Harufu ikaondoka nayo.

"Ametii," Mchungaji Philippa alisema. Aliketi sakafuni, miguu mbele, akaanza kucheka na kutetemeka. "Bwana wangu. Ametii kweli."

Noreen alivuta shuka. Akagusa kikalio. Kilikuwa baridi. Alikirudisha kiti ukutani, na kilikuwa chepesi, kiti tu. Akaweka holi juu yake, kisha kwenye kila kiti, haraka haraka, huku machozi yakimtoka na yeye akiyafuta kwa mkono wa koti. Kilibaki kitawi kimoja, akakitia mfukoni.

Mafuta ya mchungaji yalikuwa yamedondoka kwenye mkono wa kulia wa kiti. Noreen alilifuta tone, na alipolifuta aliona kwamba mbao ya mkono ule ilikuwa na rangi iliyopauka kuliko ya mkono wa kushoto. Alikuwa hajawahi kuigundua tofauti ile. Kiungo kilikuwa safi, cha fundi hodari.

"Huu mkono aliutengeneza baba yangu," alimwambia mchungaji, akitabasamu. "Wa zamani ulivunjika, akaweka mpya. Nimefuta kiti hiki miaka yote na sikujua."

Alimsindikiza mchungaji hadi kwenye gari, wakakumbatiana. Taa za gari zilipotea kwenye ukungu. Noreen akafunga jumba na kuanza kuvuka ua kwenda nyumbani, akifikiria chai, akifikiria namna atakavyomwigizia mzee sauti ile ya kufukuza ng'ombe.

Katikati ya ua alisimama.

Mkono wa zamani. Ulikwenda wapi mkono wa zamani?

Baba yake hakuwahi kutupa kipande cha mbao nzuri. Alikuwa akirudi navyo nyumbani ndani ya koti, akivipanga chini ya kitanda, na hakuna kilichokaa bure, kila kimoja kilipata kazi yake siku moja, mpini, kitasa, mguu wa kigoda, na Noreen aliukumbuka mkono mweusi-mwekundu kando ya jiko la kuni, ulio laini, unaosuguliwa kwa kidole gumba jioni zote za maisha yake, akakumbuka kwamba kiti cha jumbani hakikuwa kimemgeukia mtu, kilikuwa kimegeukia kiungo chake, na akakumbuka maneno ya mchungaji, palipo pako, kwenye kilicho chako, na maneno yake mwenyewe, kaa hapa hapa, usiinuke mpaka nirudi, na kufikia hapo alikuwa tayari anakimbia.

Kwenye ngazi alikutana na harufu ya mbao mbichi.

Birika lilikuwa linapiga mluzi jikoni. Lilikuwa limepiga kwa muda mrefu. Dirisha lote lilikuwa mvuke. Wilf alikuwa kwenye kiti chake, mgongo wima, mikono juu ya mikono ya kiti.

"Baba, birika."

"Nalisikia."

"Mbona huliondoi?"

"Nilikuahidi sitainuka," alisema kwa sauti ndogo. "Na sasa siwezi. Ameingia bila hodi, mwanangu. Nimempakata."

Suruali yake ilikuwa imebonyea juu ya mapaja. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

Noreen alitoa kitawi cha holi mfukoni. Hakuwa na dua, hakuwa na maji. Alikisukuma juu ya mapaja ya baba yake, na mkono wake ukakutana na kitu kigumu na cha baridi kama gogo lililolala nje usiku kucha, akaendelea kusukuma mpaka miiba ikamchoma yeye mwenyewe kiganjani, mpaka kiti kikalia, mpaka uzito ukainuka. Alimkamata mzee kwapani akamvuta. Goti moja likakunjuka. Aliomba la pili. Likakunjuka, kwa mlio, na Wilf akapiga ukelele, na ulikuwa ukelele mzuri kuliko wote aliowahi kuusikia.

Walisimama wamegandana ukutani. Kitawi kilikuwa kimeanguka sakafuni. Mbele ya macho yao, mto wa kiti ulibonyea taratibu, katikati kwanza, kisha pembeni, kama unavyobonyea chini ya mtu aliyechoka.

Noreen alinyoosha mkono akachukua shoka la kuni.

"Nakichoma," alinong'ona. "Mkono na kiti chenyewe. Sasa hivi."

Wilf alimshika kifundo cha mkono. Hakuwa na nguvu, lakini alishika.

"Kule jumbani alikuwa amefungwa," alisema. "Nyinyi mmemfungulia. Ukimnyima hiki, mwanangu, atakaa wapi?"

Noreen alitazama kiti chake mwenyewe mezani. Alitazama, kupitia mlango uliokuwa wazi, kitanda cha mzee. Alitazama mapaja ya baba yake, ambayo bado yalikuwa yakitetemeka.

Aliweka shoka chini. Akaondoa birika motoni, akamimina maji kwenye vikombe viwili, na chai ile waliinywa wamesimama.